Maswali ambayo wakulima na wafugaji huuliza kuhusu bei, soko na faida

Maswali haya yanarudi kila tunapokaa na wakulima na wafugaji wa Tanzania, hasa wa ukanda wa kati: Dodoma, Singida na Manyara. Tumeyaacha karibu na yalivyoulizwa. Bei na gharama zilizomo kwenye mahesabu ni za mfano tu. Weka za kwako.

## Kabla ya kufika sokoni

Nalima heka mbili tu. Mambo ya biashara yananihusu mimi?

Yanakuhusu kuliko mwenye heka mia mbili. Yeye akikosea shilingi 50 kwa kilo bado atakula. Wewe ukikosea shilingi hizo hizo, ada ya mtoto imekwenda. Halafu mwenye shamba dogo hawezi kuongeza ardhi kesho asubuhi, na kuongeza mavuno kunadai mbolea na mvua. Kilicho mikononi mwake leo ni namna anavyopima, anavyohesabu na siku anayochagua kuuza.

Nitajuaje kama nimepata faida?

Tafuta gharama ya kilo moja. Ukiwa na namba hiyo, maongezi yote na mnunuzi yanabadilika. Chukua heka moja ya mahindi. Kukodi shamba 50,000, trekta 60,000, mbegu 70,000, mifuko miwili ya mbolea 140,000, kupanda 30,000, palizi mbili 100,000, dawa 30,000, kuvuna 50,000, kupukuchua 36,000, mifuko mitupu 18,000, usafiri hadi nyumbani 24,000. Jumla 608,000. Ukivuna kilo 1,200, kila kilo imekugharimu shilingi 507 hivi.

Sasa ongeza kazi yako mwenyewe. Tuseme ulishinda shambani siku 20, na kibarua kijijini kwenu analipwa 5,000 kwa siku: hiyo ni 100,000. Gharama inafika 708,000, yaani 590 kwa kilo. Mtu akija na bei ya 550, mwenye hesabu ya kwanza atauza akifurahia faida ya 52,000. Mwenye hesabu ya pili anajua kwamba amefanya kazi siku 20 kwa nusu ya ujira wa kibarua.

Lakini kazi yangu na ya familia silipi. Kwa nini niihesabu?

Hapa ndipo watu wengi hubisha, na hubisha kwa nguvu. Jibu letu: siku uliyokaa kwenye mahindi hukukaa kwenye alizeti, wala hukwenda kibarua kwa jirani. Usipoihesabu hutajua zao lipi linakula nguvu zako bure. Nimeona familia ikiacha zao ililolirithi kwa babu baada ya kuandika siku za kazi kwa msimu mmoja tu. Hakuna aliyewashauri waache, waliliona wenyewe kwenye daftari.

Daftari la namna gani?

La shule, la kurasa 48, linatosha. Kurasa za kushoto andika kilichotoka, za kulia kilichoingia, kila zao na daftari lake. Andika siku ileile. Kumbukumbu za kichwani huwa na upendeleo, husahau sana matumizi. Anayeona tabu kuandika ampe kazi hiyo mtoto wa darasa la tano. Huifanya vizuri, na huuliza maswali ambayo mtu mzima asingeuliza.

## Vipimo na bei

Lumbesa ni nini hasa, na inanigharimu kiasi gani?

Ni gunia lililojazwa likapita mdomo wake, kisha likashonewa kilemba cha kamba au kipande cha gunia jingine juu. Linaitwa gunia moja na linalipwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo inaikataza, na mazao yanatakiwa kufungashwa yasizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo ndiye msimamizi. Hata hivyo kwenye viazi na vitunguu bado utaikuta.

Hesabu yake ni hii. Umekubaliana 70,000 kwa gunia, ukifikiri unauza kilo moja kwa 700. Gunia lile lina kilo 130. Umeuza kwa 538. Kwenye magunia kumi umetoa kilo 300 za bure, yaani magunia matatu ambayo uliyalimia, ukayapalilia na kuyabeba. Kenya nao walihangaika na jambo hilihili kwenye viazi, hadi kanuni za mwaka 2019 zikaweka ukomo wa kilo 50 kwa mfuko.

Mnunuzi akikataa mzani nifanyeje? Ataenda kwa jirani.

Kweli, ataenda. Mkulima mmoja peke yake hashindi lumbesa, na anayekwambia vinginevyo hajawahi kusimama barabarani na vitunguu vinavyoanza kuchipua. Kinachofanya kazi ni watu kumi au kumi na tano wa njia moja kukubaliana siku moja ya kuuza, mahali pamoja, kwa mzani mmoja wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Mnunuzi mwenye lori anataka kujaza haraka. Akiona tani kumi zimekaa pamoja, hatabishania kilemba, maana kila saa anayozunguka nyumba kwa nyumba inamla mafuta. (Kuhusu kuuza pamoja, soma pia sehemu ya vikundi hapa chini.)

Kama mzani haupo kabisa, pima nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza kabla hajaja. Utauza kwa gunia kama anavyotaka, lakini bei utaitaja ukijua kilo zilizomo.

Bei ya kweli ya soko naipata wapi?

Piga simu sehemu mbili, usitegemee moja. Mwenye mahindi ya Kongwa aulize soko la Kibaigwa, na aulize la Tandale, Dar es Salaam. Mwenye vitunguu vya Singida au Mang'ola ampate mtu Ilala au Arusha. Usiulize "bei ikoje?", kwa sababu utajibiwa ya rejareja, au ya juzi. Uliza: leo asubuhi gunia la kilo ngapi limeuzwa shilingi ngapi, na malori mangapi yameingia. Swali la malori ndilo muhimu. Mwaka niliolima vitunguu mwenyewe niliuliza bei, nikaridhika, nikapakia magunia 40. Nilipofika, foleni ya malori ya vitunguu ilikuwa imeshafika barabarani, na ile bei ya jana yake hakuna aliyetaka hata kuisikia.

Ukishapata bei ya mjini, ondoa usafiri, upakiaji na ushushaji, ushuru, kamisheni ya dalali na mazao yatakayoharibika njiani. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na bei ya shambani. Mara nyingi bei ya shambani inashinda, jambo linalowashangaza wengi.

Dalali si ni mwizi tu?

Wapo wezi. Lakini dalali mzuri anauza kitu cha kweli: anawajua wanunuzi, anajua nani analipa na nani anakimbia, na anakesha sokoni wewe ukiwa umelala. Mlipe kamisheni inayojulikana kwa kila gunia au tenga. Usikubali dalali anayekupa "bei yako" na kubaki na kinachozidi, kwa sababu huyo si dalali tena, ni mnunuzi aliyevaa koti la dalali.

## Kuuza sasa au kuweka ghalani

Wote wanasema tusubiri bei ipande. Nisubiri?

Subiri kwa sehemu. Bei ya mahindi kwa kawaida huwa chini kabisa wakati wa mavuno na kupanda kuelekea miezi ya njaa, lakini si kila mwaka. Ukitoka mzigo mkubwa sehemu nyingine, au mpaka ukifungwa, waliosubiri huumia. Gawa mavuno mafungu matatu: la chakula halifunguliwi kwa bei yoyote, la kulipa madeni ya sasa linauzwa, na la tatu ndilo la kubahatisha. Tatizo kubwa tunaloliona ni mtu kuuza vyote mwezi wa sita kwa sababu ya deni la 100,000, kisha kununua unga mwezi wa kwanza kwa bei ya duka.

Nitajuaje mahindi yamekauka vya kutosha kuhifadhi?

Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Vituo vingi vya kununulia nafaka vina kipimo cha unyevu. Kama huna, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa, tikisa dakika mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Yarudishe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo.

Usilichukulie kirahisi suala la udongo na unyevu. Huko ndiko kuvu wa sumukuvu huanzia. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti baada ya siku chache. Malori yalikuwa tayari yako mpakani. Kukausha juu ya turubai ni usalama wa walaji, na sasa ni tiketi ya kuvuka mpaka wa Namanga kwenda Kenya.

Dumuzi wananimaliza. Dawa gani?

Swali hili mjibiwe na afisa ugani wenu, maana dawa na vipimo vyake vinabadilika. Sisi tuseme upande wa fedha. Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye matabaka ya plastiki ndani, inaua dumuzi na wadudu wengine wa nafaka kwa kuwakosesha hewa, bila dawa. Mfuko mmoja wa kilo 100 ukiununua 5,000 unaongeza shilingi 50 kwa kila kilo kwa msimu wa kwanza, na ukiutunza usitoboke unautumia tena. Linganisha na kilo unazopoteza. Wazee wa Tabora walimwita dumuzi "Skania" alipoingia, kwa jinsi alivyobeba kila kitu kama lori.

Stakabadhi ghalani inafanyaje kazi, na kwa nini watu wanailalamikia?

Sheria yake ni ya mwaka 2005, na korosho za Mtwara ndizo zilizoanza, mwaka 2007. Unapeleka mazao chama cha msingi, yanapimwa na kupangwa daraja, yanaingia ghala lililosajiliwa, unapewa stakabadhi inayoonyesha kilo na daraja. Wanunuzi wanashindana mnadani, wakulima wanaikubali au kuikataa bei, na fedha zinaingia kwenye akaunti. Leo ufuta, mbaazi, choroko, dengu na kakao vimeingizwa pia sehemu mbalimbali, na minada mingi inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Uzuri wake ni ushindani na mzani. Kero zake ni mbili: kusubiri malipo, na makato. Mtu aliyezoea kuuza ufuta asubuhi na kununua sukari jioni anaumia wiki ya kwanza. Kuhusu makato, omba orodha yake kwa maandishi kabla ya mzigo kuingia ghalani, kila kato na jina lake na anayelipokea. Na haki ya kukataa bei si ya mapambo. Msimu wa 2018 wakulima wa Mtwara waliikataa bei mnadani, na serikali ikaishia kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo.

## Kwa wafugaji

Mnadani wananikadiria kwa macho. Nitajuaje uzito wa ng'ombe wangu?

Kamba na rula vinatosha kukupa makadirio ya karibu. Pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzingo 150 na urefu 120 anatoka kilo 249 hivi. Ni makadirio, na ng'ombe wetu wa asili wanaweza kutofautiana kidogo, lakini ni bora kuliko jicho la mtu anayetaka kukununulia kwa bei ndogo. Kwenye minada yenye mzani, dai apimwe.

Niuze lini?

Wafugaji wengi huuza pale shida inapobisha: kiangazi kimekaza, ng'ombe wamekonda, debe la mahindi limepanda. Siku hiyo unauza bei ya chini na kununua bei ya juu, hasara mbili kwa safari moja. Januari nayo wengi wanauza kwa ajili ya ada, na mnada unajaa.

Geuza kalenda. Wale uliokwisha kuamua kuwatoa (madume ya ziada, majike yasiyozaa, wazee) watoe mwisho wa masika wakiwa na mwili, kisha nunua nafaka wakati wa mavuno. Mbuzi dume wa kuchinja wapange kwa Idi ya Hijja, ambayo husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Anza kuhesabu miezi kutoka tarehe hiyo kurudi nyuma, uone mbuzi wa kuzaliwa lini atakuwa tayari.

Tunajua kundi ni benki, ni mahari na ni heshima. Hatusemi uza kundi. Tunasema wale ambao wangekufa kwa ukame wakiwa mali yako, wauze wakiwa hai.

Kunenepesha kunalipa?

Kunalipa au kunaua, kutegemea hesabu hii. Umenunua dume la kilo 200 kwa 700,000, yaani 3,500 kwa kilo. Siku 90 za mashudu, pumba na molasesi kwa 2,500 kwa siku ni 225,000. Dawa na mchungaji 40,000. Umeshatumia 965,000. Ameongezeka kilo 60, sasa ana 260. Ukimuuza kwa 3,500 ileile kwa kilo unapata 910,000: umepoteza 55,000 pamoja na miezi mitatu. Ukimuuza kwa 4,000 unapata 1,040,000, faida 75,000.

Kwa hiyo faida haiko kwenye kilo zilizoongezeka peke yake. Iko kwenye kuhama kutoka kundi la ng'ombe waliokonda kwenda kundi ambalo buchari na wasafirishaji wa nyama wanalipia zaidi. Usifunge dume hata moja kabla hujaongea na mnunuzi wa namna hiyo.

Na maziwa?

Hapo umoja hauna mjadala, kwa sababu maziwa hayasubiri. Tanga wafugaji waliunda ushirika wao, TDCU, wenye hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh; mfugaji anauza maziwa na pia ni sehemu ya mmiliki. Kama kwenu hakuna kituo cha kukusanyia, mtindi unakupa siku chache zaidi. Tumia ndoo ya alumini au ya chuma cha pua. Ya plastiki hukwaruzika na kuficha bakteria.

## Kuuza pamoja, kusindika na mikataba

Tuanze na kikundi au AMCOS (chama cha ushirika cha mazao na masoko)?

Anzeni na kuuza pamoja mara moja, kabla ya katiba na muhuri. Mkigombana kwa mzigo mmoja, usajili hautawaponya. Mkielewana misimu miwili, afisa ushirika wa wilaya atawaongoza kusajili chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Jambo moja tu lisisubiri: anayepima asiwe ndiye anayeshika fedha.

Nikamue mafuta ya alizeti na kuyauza mwenyewe, si ndiyo faida zaidi?

Huenda. Hesabu gharama ya lita kama ulivyohesabu kilo, na usisahau mashudu, maana nayo yanauzwa na ndiyo mara nyingi yanayobeba faida. Kama unataka kuingia madukani utahitaji alama ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, wanatoa mafunzo na barua za utambulisho kwa wajasiriamali wadogo. Msimbo wa mistari (barcode) wa Tanzania huanza na 620, na maduka makubwa huutaka. Kwa kuuza kijijini na kwenye gulio, anza na chupa safi yenye jina lako na namba ya simu.

Kampuni inataka tuingie mkataba. Tusaini?

Soma vitu vinne: bei inapangwaje na lini, nani anapima daraja na mkipingana nani anaamua, mvua ikikosa deni la pembejeo linakuwaje, na malipo yanafanyika siku ngapi baada ya kupokea mzigo. Mkataba usiotaja la tatu ni mkopo uliofichwa.

## Ushuru na mikopo

Nimetozwa ushuru njiani kwa magunia matano. Ni halali?

Tangu marekebisho ya mwaka 2017, mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatakiwi kutozwa ushuru wa mazao. Magunia matano ya kilo 100 ni nusu tani. Na kisheria ushuru huo ni wa mnunuzi, ingawa wanunuzi huuingiza kimyakimya kwenye bei wanayokupa. Dai risiti daima.

Mkopo upi ni salama?

Ule unaolipwa zao linapouzwa, si kila mwezi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne, nne na mbili), bila riba. Ukikopa kwa mtu atakayechukua mazao yakiwa bado shambani, geuza mkopo huo kuwa bei ya kilo: gunia la 70,000 ulilochukulia 35,000 mwezi wa pili ni riba ya asilimia mia kwa miezi minne.

## Maswali yasiyo ya kila siku

Tulilima mbaazi, bei ikaanguka ghafla. Kosa letu lilikuwa wapi?

Kama ni 2017, halikuwa shambani. India, mnunuzi mkubwa, iliweka ukomo wa kuagiza mbaazi mwezi Agosti mwaka ule, na mzigo wa Lindi, Mtwara na Babati ukakosa pa kwenda. Zao lenye mnunuzi mmoja mkubwa wa nje lisichukue shamba lako lote, hata mwaka ambao bei inang'aa.

Mimi ndiye nalima, mume wangu ndiye anauza. Fedha sizioni.

Tunaulizwa hili pembeni, watu wakishatawanyika. Kilichosaidia baadhi ya kaya ni daftari la swali la nne hapo juu kusomwa na wote wawili kabla ya mavuno, na mafungu matatu ya mavuno kupangwa mezani badala ya siku ya lori. Wengine waligawana mashamba: heka hii ya familia, hii ya mama. Na pale ambapo hakuna kinachosaidia, afisa maendeleo ya jamii wa kata ana kazi hiyo.

Mnunuzi amenionyesha ujumbe kwamba ametuma fedha, akaondoka na mzigo. Salio halijaingia.

Ripoti polisi na kwa mtandao wako siku hiyohiyo, ukiwa na namba ya gari. Kwa wengine: ujumbe wa simu si malipo. Ingia kwenye menyu ya simu yako mwenyewe, angalia salio, kisha ndipo gunia la kwanza lipande kwenye lori. Anayekuharakisha wakati unaangalia salio, mteremshie mzigo.